Kuitembeza Memo Kabla ya Kuitia Sahihi

Siku ya chai yangu ya kuagwa mliniomba niseme maneno machache, na nikasema machache kweli, kwa sababu keki ilikuwa imeshakatwa na watu wa shifti ya mchana walikuwa wanaitazama hiyo zaidi yangu. Sikuwalaumu. Lakini Chebet, ambaye sasa anakalia kiti changu katika ofisi ya utawala, alinifuata mpaka mlangoni akaniambia, "Mathe, hiyo maneno ya memo umekuwa ukitupigia kelele nayo, si utuandikie? Ukienda tutasahau yote." Basi naandika. Mishahara na vyeo sitavigusa. Vyeo mnavijua, na mishahara mnaijua zaidi.

Jina langu ni Wairimu, ingawa wengi wenu mlianza kazi mkiniita Mathe na hamkuwahi kuuliza zaidi. Nilikulia Njoro, nikajifunza kupiga taipureta mjini Nakuru katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa, halafu nikaajiriwa hapa kwenye kiwanda cha unga nikiwa na sketi ya kuazima. Siku ya kwanza nilipewa mashine nzito ya chuma, karatasi za kaboni, na kifutio kilichotoboa karatasi badala ya kufuta. Kosa likiingia, liliingia kwenye nakala zote. Ukikosea unaanza upya, kwa hivyo tulifikiri kwanza ndipo tukapiga. Ninyi siku hizi mnafuta kwa kidole, na nadhani ndiyo maana memo zenu ni ndefu.

Mkuu wa ofisi wakati huo alikuwa Mzee Gurdial, Singasinga aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, mtoto wa fundi wa reli. Alijua Kiswahili cha mitaa ya mji huu na Kikuyu cha kutosha kununua sukuma wiki bila kulaliwa bei. Hakupandisha sauti hata siku moja. Akitaka kukugombeza alikuwa anakumiminia chai ya tangawizi, anangoja uinywe, halafu anasema anachotaka kusema. Kwa muda mrefu nilikuwa nikinusa tangawizi naanza kuhesabu makosa yangu.

Memo yangu ya kwanza ilihusu stoo ya magunia. Nilitaka ionekane imeandikwa na mtu aliyesoma, kwa hivyo nikaanza kwa kuwajulisha wafanyakazi wote kwa heshima kwamba kufuatia mabadiliko yaliyofanywa na uongozi, utaratibu wa kuingia stoo umeboreshwa kwa manufaa ya wote. Mzee Gurdial akaisoma, akamimina chai. Nikanywa. Akaniuliza, "Sasa hapa nani anafanya nini?" Nikaanza kueleza. Akanikatiza kwa upole, "Usiniambie mimi. Twende uambie mwenye stoo."

Tukavuka uwanja wa malori hadi stoo. Nikasimama mlangoni katikati ya vumbi la unga nikamsomea mlinda stoo ile memo yote kwa sauti. Alivua kofia akanisikiliza kama yuko kanisani, na nilipomaliza akasema, "Ni sawa, madam." Nilifurahi sana. Mzee Gurdial akanigeukia, "Umesikia, amesema ni sawa. Sasa muulize kesho asubuhi atafanya nini." Nikamuuliza. Mlinda stoo akatazama mabati ya paa, akatabasamu kwa huruma, akasema, "Kesho? Si nitafungua tu vile nafunguanga?"

Tukiwa njiani kurudi ndipo Mzee Gurdial aliponieleza alikoitoa tabia hiyo. Alipokuwa kijana aliandika memo kwamba mlango wa nyuma wa kinu ufungwe kila jioni mvua ikikaribia. Watu wote walisema sawa. Mvua ikanyesha na pumba zote zikalowa. Kumbe kwa walio ofisini nyuma ni upande wa reli, na kwa walio kwenye kinu nyuma ni upande wa barabara. Waliambiwa wafunge mlango wa nyuma, wakafunga, na hakuna aliyekosea ila yeye aliyeandika akiwa amekaa kwenye kiti. Tangu hapo hakuwahi kutia sahihi memo ambayo haijatembezwa. Kuitembeza maana yake ni kuipeleka mpaka mahali itakapofanya kazi, kusimama hapo, kuisoma kwa sauti mbele ya anayehusika, kisha kungoja swali.

Kungoja swali ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nikimaliza kusoma nataka kukimbia. Yeye alikuwa anasimama tu, mikono mfukoni, mpaka mtu anaona aibu na kuuliza kitu. "Kama hakuna mtu ameuliza swali," alikuwa akisema, "hiyo memo haijasikika. Watu wakinyamaza usifikiri wamekubali. Saa ingine wamechoka tu."

Alistaafu, akaniachia kiti na tabia hiyo. Taipureta zikaenda stoo, kompyuta zikaja, na baadaye likaja kundi la WhatsApp la kiwanda, ambamo memo hutumwa na watu hujibu kwa kidole gumba. Sina ugomvi na hicho kidole. Hata mimi hukitumia kwa picha za harusi ambazo sikualikwa. Ila nimekaa kazini muda wa kutosha kujua kwamba mtu anaweza kukitoa akiwa anatafuna hindi la kuchoma na hajafungua ujumbe wenyewe.

Sasa nifike kwenye memo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Wengi wenu mnaijua depo yetu ya Rongai. Lori likifika linamwaga mahindi kwenye shimo la kupokelea, na chini ya shimo kuna chuma kirefu kilichojikunja kama skrubu, ambacho kikizunguka huyavuta mahindi na kuyapandisha hadi kwenye silo, lile ghala refu la nafaka. Mwaka mmoja mvua haikujua kuondoka na wakulima walituletea mahindi mabichi. Mahindi ya namna hiyo hugandamana shimoni, na lazima mtu ateremke ayachokoe. Desturi ya pale ilikuwa hivi: kabla ya kuwasha, mwendeshaji aliye kwenye swichi anaita, "Wazi?" Kama kuna mtu shimoni anajibu, "Bado!" Kama hakuna anayejibu, basi hakuna mtu, na mtambo unawashwa. Walifanya hivyo miaka yote na hakuna aliyeumia.

Mwendeshaji alikuwa Barasa, mtu mtaratibu ambaye hata gazeti alikuwa akilikunja kwa mistari yake. Siku hiyo aliita, hakusikia jibu, akawasha. Kiptoo, kibarua kijana wa hapo hapo Rongai, alikuwa shimoni. Chuma kikamshika mguu. Barasa alisikia mlio wa mtambo umebadilika akazima papo hapo, na hiyo ndiyo iliyomwokoa Kiptoo. Meneja wetu, Bwana Mutai, alikuwa Rongai siku hiyo, na ndiye aliyembeba kwenye gari lake mwenyewe hadi hospitali Nakuru. Nalitaja hilo mapema kwa sababu nitakayoyasema baadaye yanaweza kuwafanya mumfikirie vibaya.

Asubuhi iliyofuata Bwana Mutai akaniita. Macho yalikuwa mekundu. "Mama Wairimu, andika memo ya hii ajali. Inaenda kwa wakurugenzi, na kopi kwa depo zote. Sema wazi ni uzembe wa operator. Tusizungushe."

Barasa alikuwa ameambiwa akae nyumbani mpaka memo itoke. Hakukaa nyumbani. Alikuja akaketi kwenye benchi nje ya ofisi yangu, kofia magotini. Sote tulielewa kwamba karatasi ile ikitoka na neno uzembe, kazi yake imekwisha, na kwamba hakuna depo nyingine kutoka hapa mpaka Eldoret itakayompa swichi. Nilimwita ndani nikamuuliza ilikuwaje. Hakujitetea sana. "Mama, mimi niliita. Niliita vile tunaitanga kila siku. Hakuna mtu alijibu." Kisha akaanza kulia, mtu mzima, na mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Niliandika nilivyoagizwa. Sentensi yenyewe ilisema kwamba mwendeshaji alikuwa na nafasi ya kuona shimo lote kabla ya kuwasha, lakini hakuangalia. Ilikuwa fupi na safi, na ukiisoma ukiwa ofisini ilikubalika kabisa. Nikaishika mkononi nikashindwa kuipeleka. Sikuwa najua kama ni ya uongo. Nilijua tu kwamba niliiandika nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nilikuwa naogopa pia, niseme ukweli. Nilikuwa na watoto shuleni na meneja hakuwa katika hali ya kuulizwa maswali.

Nikaenda kwake nikamwambia, "Bwana Mutai, hii memo haijatembezwa."

"Itembezwe wapi? Hii si memo ya mlango wa stoo."

"Inataja swichi na shimo. Naomba tukaisomee hapo."

Alijua tabia hiyo. Alipoanza kazi akiwa karani wa hesabu, Mzee Gurdial alimburuta kwenye vumbi kama alivyoniburuta mimi. Akachukua funguo za gari. Barasa tulimwacha kwenye benchi.

Rongai malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, na kikaushio cha mahindi kilikuwa kinanguruma tangu asubuhi bila kupumzika. Ule mtambo wa shimoni ulikuwa umezimwa na kufungwa kwa kufuli. Tukaenda kwenye swichi. Nikampa Bwana Mutai karatasi nikamwomba asome yeye. Akasoma kwa sauti ya kutaka kumaliza, mpaka akafika kwenye nafasi ya kuona shimo lote. Akainua macho atazame hilo shimo.

Mbele yake palikuwa na ukuta wa mabati, mpya bado, unang'aa. Ulijengwa baada ya majirani kulalamika kwamba vumbi letu linaingia jikoni kwao, na aliyetia sahihi ujengwe alikuwa yeye. Kabla ya ukuta, mwendeshaji alikuwa akiita huku anaona. Baada ya ukuta alibaki na kuita tu, na hakuna aliyekaa akafikiri kwamba kuna kitu kimepungua.

Bwana Mutai akamgeukia kijana aliyeshika nafasi ya Barasa. "Barasa alikuwa anasimama wapi?"

"Hapa tu, boss. Swichi ni moja."

Nikamwomba Bwana Mutai abaki hapo, mimi nikazunguka ukuta hadi kando ya shimo, nikamwambia aite kama Barasa alivyoita. Nikasimama nikangoja. Nilisikia kikaushio na nilisikia dereva wa lori akimtukana mwenzake. Hakuna kingine. Nikaendelea kungoja, nikidhani labda amepigiwa simu. Hatimaye akatokea upande wa ukuta, shingo imemtoka mishipa.

"Si umesikia nikiita?"

"Sikusikia kitu."

"Nimeita mpaka koo inauma. Nikaona umenyamaza, nikajua…" Akaishia hapo.

Tulisimama sote wawili kando ya lile shimo. Alivua miwani akaifuta kwa tai, ikazidi kuwa chafu. Nilimwogopa na nilimhurumia kwa wakati mmoja, na sijawahi kupenda kuhisi hivyo kwa mtu anayeweza kunifukuza. Akasema polepole, "Unajua ukiandika ukuta, unaniandika mimi."

"Najua."

"Na wakurugenzi hawatauliza mambo ya vumbi."

"Hawatauliza."

Nikaanza kutunga akilini barua ya kuomba kazi kwingine. Kisha akatoa kalamu, akaweka karatasi juu ya nguzo, akakata ile sentensi kwa mstari mmoja mpaka karatasi ikachanika. "Andika ukuta," akasema. "Andika nani alisema ujengwe. Hiyo uzembe toa."

Niliandika nimeketi juu ya gunia hapo hapo. Nilisema kwamba ukuta wa mabati uliojengwa kwa agizo la meneja unamzuia aliye kwenye swichi kuliona shimo, na kwamba kikaushio kikiwaka sauti haifiki. Barasa aliita, Kiptoo hakusikia. Halafu nikaandika la kufanya: ukuta utobolewe dirisha. Kuanzia leo kimya si ruhusa. Usiwashe mpaka umemwona mwenzako kwa macho, amesimama juu ya shimo, ameinua mkono. Nawe inua wako, ndipo uwashe.

Nikaisoma kwa sauti mbele ya wapakiaji. Nikamaliza, nikaweka mikono mfukoni nikangoja. Wakatazamana. Mwishowe mmoja akauliza, "Na kama hakuna mtu alikuwa ameingia shimo, huo mkono nani atainua?" Ningemkumbatia yule mtu. Nikaongeza kwamba wakati wote wa kazi mmoja asimame juu ya shimo, na hiyo iwe ndiyo kazi yake peke yake. Bwana Mutai akatia sahihi. Kwa miezi mingi baadaye aliniita "ofisi ya utawala" badala ya jina. Wakurugenzi walimpa onyo kali. Aliendelea na kazi, na tangu hapo kila memo yake aliitembeza mwenyewe bila kusukumwa.

Nilimkuta Barasa bado yuko kwenye benchi. Nikampa nakala. Aliisoma akifuata kwa kidole, akafika mahali palipoandikwa kwamba aliita, akarudia hapo. Akarudishwa kazini na jina lake likiwa safi, lakini swichi hakuitaka tena. Alisema mkono wake unakataa. Aliomba geti, akaletwa hapa Nakuru, na huyo ndiye Barasa mnayemlalamikia kwamba hakufungulii mpaka ateremke kwenye kibanda aje akutazame usoni, hata kama mvua inakunyeshea na anakujua. Kiptoo mguu wake ulibaki lakini anachechemea. Yuko stoo ya Rongai, na akija Nakuru hunywa chai kwenye kibanda cha geti. Sijui huwa wanaongea nini, na sijauliza.

Kwa hivyo Chebet, sina siri za kukuandikia. Sijali ukianza na heshima au ukianza na tarehe. Andika kwa ufupi ukiweza. Taja mtu, usiseme "uongozi" wakati unajua ni nani. Lakini hata ukiyafanya hayo yote, ukiwa kwenye kiti bado hujui ulichoandika. Chukua viatu vya kufungwa, uende. Usikimbilie kurudi kwa sababu wamesema sawa.

Siku yangu ya mwisho ilikuwa kesho yake baada ya ile chai. Chebet alikuwa ameandika memo ya kuondoka kwangu na kuituma kwenye kundi, na vidole gumba vikamiminika. Mimi nilikuwa nafunga vikombe vyangu kwa magazeti. Akanitazama, akatazama simu, akacheka. "Haya Mathe, nimeelewa. Twende tuitembeze." Akaichapisha. Nikamuuliza memo hiyo itafanyia kazi wapi. Akafikiri, akasema, "Geti."

Tukateremka. Barasa akatoka kwenye kibanda, akasimama wima, mikono nyuma. Chebet akasoma kwa sauti kwamba Bi. Wairimu amestaafu, kwamba kiwanda kinamshukuru, na kwamba kuanzia kesho, kwa mujibu wa sheria za usalama, ataingia kama mgeni mwingine yeyote: aandikwe kitabuni, apigiwe simu ofisini, angoje jibu kutoka ndani. Akamaliza. Sheria ni sheria, na mimi ndiye niliyeiandika zamani.

Barasa hakusema ni sawa. Alinyamaza, na Chebet, namshukuru Mungu, hakukimbia. Alikunja mikono akangoja.

"Niko na swali," Barasa akasema. "Akikuja, na nipige simu huko ndani, na hakuna mtu anajibu. Nifanye nini? Nimwache huko nje?"

Chebet akaweka karatasi juu ya paja, akaandika mstari mmoja chini kwa kalamu, akausoma: "Kama hakuna anayejibu, Barasa amwone kwa macho, amfungulie."

Barasa akaichukua akaibandika kwenye ukuta wa kibanda chake. Nikawapa mkono wote wawili, nikabeba boksi langu la vikombe nikatoka. Nilipofika upande wa pili wa barabara niligeuka. Geti lilikuwa bado wazi, na Barasa alikuwa amesimama katikati yake ameinua mkono, haupungi, ameuinua tu. Malori mawili yalikuwa yanampigia honi. Nikaweka boksi chini, nikainua wangu. Ndipo akafunga.